Jino linapong'olewa ili liokolewe

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Walijua kwamba kitu cha bandia, hata kipendeze namna gani, hakiwezi kuchukua nafasi ya kile cha asili. Hata hivyo, wengi wetu mjini huyaaga meno yetu kwa urahisi mno. Jino huanza kwa kuuma unapokunywa chai ya moto au maji baridi. Unanunua tembe za kutuliza maumivu, unatafuna karafuu, maumivu yanapoa nawe unasahau. Miezi kadhaa baadaye shavu limevimba, usingizi umepotea, na alfajiri unakimbilia kliniki ukiwa na neno moja tu: "Daktari, ng'oa!"

Juma hili tutaeleza njia moja ambayo wasomaji wengi hawajaisikia. Kuna wakati daktari wa meno hung'oa jino bovu si kwa nia ya kulitupa, bali kwa nia ya kuliokoa. Hulitoa zima, akalitibu mkononi mwake kwa dakika chache, kisha akalirudisha mahali pake, nalo likashika tena. Huu si muujiza wala si mchezo wa kiini macho. Ni matibabu yanayojulikana kwa karne nyingi, ambayo katika miaka ya karibuni yameboreshwa sana. Si kila jino linafaa kutibiwa hivyo, lakini ni vyema ujue kwamba njia hiyo ipo kabla hujasema "ng'oa".

JINO SI JIWE

Ili uelewe jambo hili yakupasa kwanza ujue jino lilivyo. Sehemu unayoiona kinywani ni kichwa tu. Mizizi imezama ndani ya mfupa wa taya. Meno ya mbele huwa na mzizi mmoja, ilhali magego huwa na miwili au mitatu. Kichwa kimefunikwa na enameli, ambayo ndiyo kitu kigumu kupita vyote mwilini. Chini ya enameli mna dentini, ambayo si ngumu sana, na katikati kabisa mna kiini. Humo ndani ya kiini mna mishipa midogo ya damu na ya fahamu inayoingia kupitia ncha ya mzizi.

Lakini kuna sehemu nyingine ambayo watu wengi hawaijui, nayo ndiyo siri ya matibabu haya. Jino halikugandishwa kwenye mfupa kama msumari ulivyopigiliwa kwenye ubao. Baina ya mzizi na mfupa kuna utando mwembamba wa nyuzinyuzi ambao unene wake haufiki nusu milimita. Tuuite ukano wa jino. Ukano huu ndio unaolishika jino, na ndio unaokujulisha kwamba umetafuna kijiwe kilichofichama ndani ya wali. Nao una uhai, kwani umejaa chembe hai zinazoweza kujitengeneza upya.

Jino linapong'olewa kwa uangalifu, ukano hupasuka katikati. Nusu yake hubaki imeshika mzizi na nusu hubaki imeshika tundu lililo katika mfupa. Ikiwa nusu zote mbili zingali hai na jino likarudishwa upesi, hushikana tena, kama vile kidonda safi kinavyofunga. Ukano ukifa, jino nalo halina wa kulishika. Mengine yote utakayosoma katika makala haya yanategemea jambo hilo moja.

UOZO UNAVYOFIKA MZIZINI

Meno huozeshwa na asidi. Bakteria wanaoishi kinywani hula sukari iliyobaki juu ya meno, nao hutoa asidi inayokula enameli pole pole. Soda, peremende, biskuti na chai yenye sukari nyingi inayonywewa kutwa nzima huwapa bakteria hao karamu isiyokwisha. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu afya ya kinywa ambao ripoti yake ilitolewa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu thuluthi moja ya watu wazima nchini Kenya wana meno yaliyooza.

Uozo ukiwa kwenye enameli na dentini tu, daktari husafisha tundu na kuliziba, na kazi inaishia hapo. Ukifika kwenye kiini, kiini hufa. Bakteria huteremka kupitia mfereji ulio ndani ya mzizi hadi kwenye ncha, na huko usaha hukusanyika ndani ya mfupa. Hapo ndipo jino linapokataa kuguswa, shavu linapovimba, au kijipu kinapotokea kwenye ufizi, kikipasuka na kurudi mara kwa mara. Wengi hudhani kwamba maumivu yakikoma jino limepona. Sivyo. Mara nyingi maumivu yamekoma kwa sababu kiini kimekufa, lakini ugonjwa unaendelea kuutafuna mfupa kimya kimya.

Tahadhari: ukiona uvimbe umeshuka chini ya taya au shingoni, una homa, huwezi kufungua kinywa, au unapata taabu kumeza au kupumua, usingoje miadi. Nenda hospitalini mara moja, hata ikiwa ni usiku wa manane. Usaha wa jino umewaua watu.

NJIA YA KAWAIDA KWANZA

Jino lililofikia hali hiyo kwa kawaida huokolewa kwa matibabu ya mzizi. Daktari hulitoboa kwa juu, akaondoa kiini kilichooza, akasafisha mifereji kwa sindano nyembamba na dawa, kisha akaijaza na kuifunga. Mara nyingi jino huvishwa kofia ili lisivunjike. Matibabu haya hufaulu kwa watu wengi, nayo ndiyo ya kuulizia kwanza.

Lakini kuna nyakati ambapo hayafaulu. Pengine mfereji umejipinda mno. Pengine kipande cha chuma kilivunjikia ndani wakati wa matibabu ya kwanza. Pengine jino limekwisha kuvishwa kofia iliyojengwa juu ya nguzo ya chuma, na kuichomoa nguzo hiyo kunaweza kuupasua mzizi. Magego ya pili ya taya la chini, kwa mfano, wakati mwingine huwa na mifereji iliyoungana katika umbo la herufi C, na kuisafisha yote ni kazi ngumu hata kwa mtaalamu.

Njia ya kwanza ikishindikana, daktari anaweza kupasua ufizi, akatoboa mfupa na kuikata ncha ya mzizi kutoka upande. Kwa meno ya mbele upasuaji huo ni mzuri. Lakini kwa magego ya nyuma ya taya la chini mfupa ni mnene, nafasi ni finyu, na karibu na ncha za mizizi unapita mshipa mkubwa wa fahamu unaotia hisia mdomo wa chini na kidevu. Mshipa huo ukijeruhiwa, mtu anaweza kubaki na ganzi ya mdomo kwa muda mrefu au hata maisha.

Hapo ndipo daktari mwenye ujuzi hujiuliza: ikiwa siwezi kuufikia mzizi ukiwa tayani, kwa nini nisiutoe nje, niutengeneze nikiuona vizuri, kisha niurudishe?

WAZO LA ZAMANI

Wazo hilo halikuzuka jana. Abulkasim al-Zahrawi, tabibu mashuhuri wa Cordoba aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, anatajwa miongoni mwa watu wa kwanza walioandika kuhusu kurudisha jino lililotoka na kulifunga kwenye meno jirani. Katika karne ya 18 Mfaransa Pierre Fauchard, ambaye wengi humwita baba wa utabibu wa meno wa kisasa, naye aliyarudisha meno yaliyong'olewa. John Hunter, mpasuaji maarufu wa Uingereza katika karne hiyo hiyo, alishauri kwamba jino lichemshwe kwanza ili liwe safi.

Leo tunajua kwamba katika hilo Hunter alikosea. Kulichemsha jino ni kuuua ukano wake. Jino kama hilo lilishika kwa muda, kisha mwili ukaanza kuula mzizi hadi jino likadondoka. Ndiyo sababu kwa miaka mingi madaktari waliyaona matibabu haya kuwa kubahatisha tu. Mwaka wa 1966 Louis Grossman wa Marekani aliyaeleza upya kwa utaratibu, na tangu hapo wataalamu wametambua kwamba jambo kubwa si jino kuwa jeupe na safi, bali ukano kubaki hai.

Mabadiliko mengine yalikuja katika miaka ya 1990. Katika Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, Mahmoud Torabinejad na wenzake walitengeneza saruji maalumu ya meno iitwayo MTA. Asili yake ni ile ile saruji ya Portland ya wajenzi, lakini imesafishwa na kuchanganywa na madini yanayoifanya ionekane kwenye eksirei. Sifa yake ni kwamba hukauka hata penye unyevu, huziba vizuri, na mwili hauikatai. Siku hizi kuna saruji nyingine za jamii hiyo zinazotumika vile vile. (Na kabla hujafikiria duka la vifaa vya ujenzi, msomaji, saruji ya huko ni ya kuta peke yake!)

KAZI INAVYOFANYWA

Kwanza daktari hupiga picha za eksirei, na ikiwezekana picha ya kompyuta inayoonyesha jino pande zote. Huangalia umbo la mizizi, hali ya mfupa na umbali wa mshipa wa fahamu. Atakuuliza pia kuhusu maradhi uliyo nayo na dawa unazotumia. Usimfiche lolote.

Siku ya kazi utasukutua kwa dawa ya kuua bakteria na kuchomwa sindano ya ganzi, ile ile ya kung'oa jino kwa kawaida. Kisha jino hutolewa pole pole. Hapa ndipo penye tofauti kubwa na ung'oaji tuliouzoea. Daktari hatumii nguvu wala hachokoi mzizi kwa chuma. Hulishika jino kwa koleo sehemu ya kichwa tu, akalitikisa taratibu mpaka lilegee. Kulitoa kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko matibabu yote yanayofuata.

Mara jino linapotoka, saa huanza kuhesabiwa. Daktari huendelea kulishika kwa koleo sehemu ya kichwa, wala hagusi mzizi kwa vidole. Msaidizi wake huulowesha mzizi kwa maji safi ya chumvi yaliyotengenezwa kwa kazi za hospitali, bila kukoma. Ukikauka, ukano unakufa.

Kwanza huchunguzwa kama mzizi una ufa, mara nyingi kwa darubini na kwa rangi ya buluu inayoingia ndani ya ufa na kuuonyesha. Mzizi ukiwa umepasuka kutoka juu hadi chini, kwa kawaida safari imeishia hapo na jino halirudishwi. Ukiwa mzima, daktari huikata ncha kwa milimita 2 au 3, kwani ndiyo makao ya bakteria wengi. Kisha hutoboa tundu dogo kwenye mwisho wa mzizi na kulijaza saruji tuliyoieleza.

Tundu la tayani halikwanguliwi, kwa sababu nusu ya pili ya ukano imo humo. Huondolewa damu iliyoganda na uchafu uliopo kwa upole tu. Kisha jino hurudishwa, nawe huambiwa uume kipande cha shashi ili likae sawasawa. Likiwa linachezacheza, hufungwa kwa nyuzi au kwa waya mwembamba uliogundishwa kwenye meno jirani, kwa muda wa juma moja au mawili hivi. Waya huo haukazwi sana. Jino linahitaji kucheza kidogo, kwani likibanwa mno linaweza kugandamana na mfupa.

Lengo ni jino likae nje ya kinywa kwa dakika zisizozidi 15. Tafiti zimeonyesha kwamba muda unavyozidi kurefuka ndivyo matumaini yanavyopungua. Kwa sababu hiyo kazi hii hufanywa na daktari aliyeipanga na kuizoea, akiwa na msaidizi na vifaa vyote mezani kabla hajaligusa jino.

JINO LILILOOZA CHINI YA UFIZI

Kuna jino lingine linalofaidika na njia hii. Uozo unaweza kukila kichwa chote hadi chini ya ufizi, likabaki gutu tu, na hali mzizi wenyewe ni mrefu na imara. Daktari hawezi kujenga kofia juu ya kitu kilichozama ndani ya nyama. Wengi huambiwa hapo kwamba jino limekwisha.

Lakini ikiwa mzizi ni mmoja na ni mrefu wa kutosha, daktari anaweza kuulegeza na kuuinua milimita chache, au kuutoa kabisa, akauchunguza na kuurudisha ukiwa umekaa juu zaidi kuliko mwanzo. Wakati mwingine huuzungusha ili upande mzima uelekee mahali palipokuwa na uozo. Ukisha kushika, na mfereji wake ukiwa umetibiwa, ndipo kofia inapojengwa juu yake. Kama uozo umeteremka mbali sana hata mzizi unaosalia ni mfupi, basi hakuna msingi wa kujengea, na heri jino litoke.

NANI HAFAI

Njia hii haimfai kila mtu. Daktari atasita ikiwa ugonjwa wa fizi umekwisha kula mfupa na jino linalegea lenyewe, au ikiwa mizizi imetanuka na kupinda hivi kwamba kuitoa bila kuivunja hakuwezekani. Wenye kisukari kisichodhibitiwa, waliopigwa miale ya saratani kwenye taya, waliopatwa na mshtuko wa moyo hivi karibuni, na wanaodungwa dawa fulani za kuimarisha mifupa wanahitaji uangalifu mkubwa, na mara nyingi hushauriwa njia nyingine. Wenye matatizo ya vali za moyo na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda sharti wamjulishe daktari mapema. Wavutaji sigara nao wajue kwamba moshi hupunguza uwezo wa kinywa kupona.

BAADA YA KURUDISHWA

Ukienda nyumbani tarajia maumivu kidogo na uvimbe kwa siku chache. Kwa juma moja au mawili kula vyakula laini kama vile uji, viazi vilivyopondwa, maharagwe yaliyoiva sana na ndizi, ukitafunia upande mwingine. Muhogo mbichi, miwa, mahindi ya kuchoma na nyama ngumu ngoja kwanza. Sukutua kwa dawa uliyopewa na upige mswaki laini bila kulisukuma jino. Usilishike kwa vidole wala kwa ulimi ili kulijaribu.

Baada ya hapo kazi ni kurudi kuchunguzwa: kutolewa waya au nyuzi, kisha baada ya miezi 6, baada ya mwaka, na kila mwaka kwa miaka kadhaa. Usilikwepe hili kwa sababu jino haliumi. Matatizo makubwa mara nyingi huanza kimya katika mwaka wa kwanza. Moja ni mwili kuanza kuula mzizi. La pili ni jino kugandamana na mfupa pale ambapo ukano ulikufa. Daktari huligundua kwa kuligonga jino, nalo hulia kama chuma. Yote mawili huonekana pia kwenye eksirei.

JE, LINADUMU?

Mwaka wa 2015 watafiti waliojumlisha matokeo ya tafiti mbalimbali walikuta kwamba kati ya meno 100 yaliyong'olewa kwa makusudi na kurudishwa, takriban 88 yalikuwa yangali kinywani wakati wa kufuatiliwa. Kwa meno ya bandia yanayopandikizwa kwa skrubu ya titaniamu walipata takriban 97. Hivyo ni kweli kwamba skrubu hushinda kwa hesabu. Lakini kumbuka mambo mawili. Jino linalorudishwa ni lile ambalo lilikuwa limekwisha kuhukumiwa kutupwa, na likishindwa baadaye bado waweza kuwekewa skrubu. Skrubu ikishindwa huwezi kulirudisha jino uliloacha kliniki.

Isitoshe, skrubu ni ghali, huchukua miezi kukamilika, na haifai kwa kijana ambaye taya zake zingali zikikua. Na anayeng'oa bila kuweka chochote ajue kwamba pengo halikai vile vile. Meno jirani huinama kulielekea, jino la upande wa pili hurefuka kulifuata, na mfupa mahali hapo husinyaa.

Hata hivyo hatari zipo, na daktari mwaminifu atakueleza. Jino linaweza kuvunjika wakati wa kutolewa. Likivunjika vibaya, matibabu yamegeuka kuwa kung'oa. Ndiyo sababu njia hii huachwa mpaka nyingine zishindikane.

MASWALI YA KUULIZA

Madaktari bingwa wa mizizi ya meno ni wachache nchini, na wengi wao wako katika miji mikubwa, hasa Nairobi. Lakini hata daktari wa kawaida wa meno anaweza kukuelekeza. Hakikisha kwamba umeangaliwa na mtu aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari wa Tiba na wa Meno la Kenya, si mng'oaji wa vichochoroni mwenye koleo mfukoni. Kabla hujakubali jino ling'olewe, muulize hivi:

1. Je, jino hili laweza kuokolewa kwa matibabu ya mzizi, au kwa kurudiwa matibabu hayo?

2. Ikiwa haiwezekani, je, laweza kufanyiwa upasuaji wa ncha, au kutolewa na kurudishwa?

3. Je, mzizi una ufa, na mfupa unaolishika una hali gani?

4. Je, wewe mwenyewe umewahi kuifanya kazi hii, au utanipeleka kwa aliyeizoea?

5. Gharama ya kuliokoa, pamoja na kofia, ni kiasi gani ukilinganisha na kulitoa na kuweka la bandia? Na bima yangu italipa nini?

Daktari mzuri hakasiriki kuulizwa. Pengine jibu litakuwa kwamba jino halifai tena, na kulitoa ndiko kutakakokulinda. Basi utakuwa umekubali ukiwa unajua sababu.

LIKITOKA KWA AJALI

Somo hili lina faida nyingine kwako wewe mzazi au mwalimu. Mtoto akianguka kwenye baiskeli au akigongwa uwanjani na jino lake la ukubwani likang'oka zima, sheria ni zile zile: ukano uwe hai, jino liwe na unyevu, na muda uwe mfupi.

Liokote kwa kushika kichwa, si mzizi. Likiwa na uchafu, lisuuze upesi kwa maziwa au kwa mate ya mtoto mwenyewe, wala usilisugue. Lirudishe mahali pake pale pale, mtoto aume kitambaa safi, kisha mkimbilie kwa daktari wa meno. Kama huwezi kulirudisha, litie ndani ya maziwa baridi. Usilifunge ndani ya karatasi au pamba kavu, na usiliweke ndani ya maji ya mfereji ukiwa una maziwa, kwani maji huharibu chembe za ukano. Jino likikaa kavu kwa saa nzima, sehemu kubwa ya chembe hizo huwa zimekufa. Muulize daktari pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Jino la utotoni halirudishwi, kwa sababu linaweza kuliumiza lile la ukubwani linalokua chini yake.

USIPOZIBA UFA

Njia tuliyoieleza ni ya mwisho kabla ya pengo. Ni afadhali usiifikie. Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floridi, hasa kabla ya kulala. Punguza kunywa na kula vitu vitamu baina ya milo. Muone daktari wa meno hata kama huna maumivu, kwani tundu dogo lililozibwa leo ni gharama ndogo na kazi ya muda mfupi tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kinywani ni ghali kuliko ule wa nyumba.

Na kama umekwisha kuchelewa, na jino limekufikisha kwenye kiti cha daktari, usiseme "ng'oa" kabla ya kuuliza kama mzizi wake ungali na uhai wa kuokolewa.